Shaba Isiyosomwa Bei

Calama, Julai, baridi ina meno.
Redio inasoma bei ya shaba huko London:
imeshuka senti mbili. Rigoberto anatikisa kichwa
kana kwamba mgodi ni wake,
kisha anakohoa, kikohozi cha miaka thelathini ya vumbi.
Mimi nafunga skafu.
Shaba yangu mimi haijawahi kusomwa redioni.
Leo naenda kuitoa.

Ni kidude cha plastiki, umbo la herufi T,
kifupi kuliko kidole gumba,
kimevishwa waya mwembamba wa shaba.
Kiliwekwa nikiwa na arobaini,
Maikol ana miezi mitano kifuani,
mtoto wa tano, aliyekuja huku nikimeza vidonge:
usiku huu nimekumbuka, usiku huu nimepitiwa na usingizi
na buti za zamu bado miguuni.

Mama mkwe alisema: kitashika kutu.
Irma wa duka la mkate alisema: kitapanda hadi moyoni.
Alimjua mtu aliyemjua mtu
aliyezaa mtoto kakishika mkononi kama ufunguo.

Yasna, mkunga, hakucheka.
Alichora mji wa mimba nyuma ya risiti ya gesi.
"Mlango ni huu. Moyo uko kule. Hakuna barabara."
Kisha akaniambia na yale yasiyopendeza:
damu itazidi, tumbo litakata,
miezi mitatu, pengine sita;
chaweza kuteleza kikatoka chenyewe, mwaka wa kwanza hasa;
na katika wanawake mia, kwa mwaka,
anayeshika mimba nacho hatimii hata mmoja.
"Lakini huyo asiyetimia, Nolfa,
naye ana jina."

Alisema kweli yote.
Miezi minne nililala na chupa ya maji moto,
mara mbili nikaapa kukivuta kwa mkono wangu.
Binamu yangu Sonia chake kilitoka asijue.
Sasa ana Anahí, miaka tisa, anapuliza tarumbeta
hata saa za watu kulala.

Changu kikanyamaza.

Mwezi hadi mwezi nilitafuta uzi kwa kidole: upo.
Mwaka: upo.
Nikaenda shule ya usiku, nikafeli hesabu, nikarudia. Upo.
Nikapata leseni ya lori la tani mia tatu,
magurudumu yake yanapita paa la nyumba yetu,
nikapandisha mawe ya shaba kutoka shimoni,
mchana shaba nyuma yangu kama mlima,
ndani yangu shaba isiyofika uzito wa sarafu,
ikijimega chembe kwa chembe
bila kumwomba mtu kukumbuka lolote.

Kitanzi, ndilo jina walilokipa.
Sijui nani alilichagua.
Shingo yangu ni hii hapa.

Hedhi yangu ilikoma mwaka juzi,
kama mgeni aliyeondoka bila kuaga.
Yasna naye ana mvi sasa, miwani miwili,
mmoja usoni, mmoja kichwani.
"Kohoa," akasema.
Nikakohoa kama Rigoberto.
Kling, kwenye sinia.

Ndiyo hivyo tu? Miaka kumi na minne,
na kutoka kwake hakufiki hata pumzi moja?

Kilikuwa kimeiva weusi
kama sarafu iliyosahauliwa kwenye koti.
Niliomba nikichukue. Akakataa, sheria,
akakitumbukiza kwenye ndoo yenye mfuniko mwekundu,
akaandika: kimetoka kizima.
Akaniangalia juu ya miwani ya kwanza.
"Na wewe?"
"Mzima."

Nikapita kwa Irma kuchukua mkate.
Akainama juu ya kaunta, akanong'ona:
kilikuwa kimefika wapi?
Nilitaka sana kumwambia, moyoni.
"Palepale kilipowekwa," nikasema,
na nipe minne, ile iliyoungua kidogo.